Jiwe la Ratili Ishirini

Mwaka ule tulikuwa na ng'ombe wawili waliofundishwa kuvuta, shamba lililokuwa tayari limefyekwa, na mume wangu mwenye mikono ya kazi. Hatukuwa na plau. Misimu miwili mfululizo tuliazima ya jirani, na mwenye plau, kama ilivyo haki yake, alilima kwanza kwake, kisha kwa kaka zake, kisha kwa wakwe zake. Ilipotufikia sisi, mvua ilikuwa imeshatangulia. Ulezi wetu uliota umechelewa, ukakauka ukiwa mfupi kama majani ya njiani. Baada ya msimu wa pili nilijiambia kwamba mvua zinazokuja zitanikuta na plau yangu mwenyewe, na nilipokuwa nimesema hivyo moyoni sikuona tena njia ya kurudi nyuma.

Tulichokuwa nacho ni vyuma. Mume wangu alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi mmoja upande wetu wa Kemambo, na mgodi ulipofungwa msimamizi aliwaruhusu wale waliobaki hadi mwisho wachukue vilivyotupwa uwanjani. Wengi walichukua mabati na misumari. Mume wangu alichukua kila kitu kizito. Kwa wiki mbili alivikokota na ng'ombe juu ya gogo lenye panda: mabomba, nyaya, springi za lori, mapipa, magurudumu ya meno, na vitu ambavyo hata yeye hakujua vilikuwa vya nini. Akavirundika nyuma ya ghala. Kuku wakataga humo, nyasi zikaota, na mama mkwe wangu akachagua vipande vitatu vinene vinavyolingana kimo akavifanya mafiga ya jikoni kwake. Alisema vinatunza moto kuliko mawe.

Siku moja akaja mnunuzi wa vyuma na lori lake, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Alilizunguka lundo mara mbili, akatema mate, akasema, "Mzee, hii vyuma yako ni takataka tupu. Lakini nimetoka mbali. Nakupa bei moja, nabeba yote."

Bei aliyotaja ingenunua mikono ya plau, basi. Mume wangu alikuwa mtu wa kupenda jambo liishe. "Chuma ni chuma," akaniambia kwa sauti ya chini. "Aondoke navyo, tupate nafasi ya kuanika mihogo."

Ningekubali. Lakini nilikuwa nimemwangalia yule mnunuzi kwa makini. Alipofika kwenye bomba moja chafu lililokuwa chini ya lundo, alilikwaruza kwa ufunguo wake, akatazama, kisha akalisukumia udongo kwa kiatu. Mtu hafichi takataka.

"Shemeji yangu," nikamwambia mnunuzi, "hatuuzi leo."

Akacheka. "Mama, mimi nakwenda Mugumu. Narudi huku baada ya wiki mbili, halafu mpaka mvua iishe hunioni tena. Fikiria vizuri."

Wiki mbili, basi. Siku ya tatu nilipanda lori la mahindi hadi Tarime, nikiwa na kipande cha lile bomba, nilichokikata kwa msumeno wa mume wangu. Pale mjini kulikuwa na fundi bati, Mwislamu aliyekuja zamani kutoka pwani, aliyetengeneza taa, ndoo na birika. Alikuwa na sifa ya ukali. Nilimkuta ameinama juu ya chuma chake cha kuchomelea bati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kama ni taa ya juzi, haijawa tayari. Kama ni ya jana, hiyo ndiyo kabisa."

Nilimpa kile kipande. Alikikwaruza kwa tupa, na chini ya uchafu ikatokea rangi nyekundu kama ya ngozi ya mtoto mchanga. Akaacha kazi yake.

"Unacho kingi hiki?"

"Kipo kwenye lundo, pamoja na vingine."

"Hapo ndipo mnapoibiwa!" akasema, kana kwamba mimi ndiye mwizi. "Ukiuza lundo, unalipwa bei ya kile kibaya kuliko vyote kilichomo. Shaba yako inalala kitanda kimoja na chuma chenye kutu, na mnunuzi anailipa kama kutu. Usiuze lundo, binti yangu. Uza vitu."

Alinifundisha mchana ule wote, huku akiwafokea wateja wengine wasubiri. Nitayaeleza hapa kama alivyoyaeleza, maana ni rahisi na hayahitaji shule.

Kwanza ni sumaku. Alikuwa nayo moja, imetoka ndani ya mashine ya lori bovu. Kitu kikishikwa na sumaku, ni chuma. Kikikataa, simama hapo hapo, kitazame tena. Kikwaruze kwa tupa mpaka uone ndani, kwa sababu nje kila kitu kina rangi moja ya uzee. Chekundu ni shaba. Cha njano ni shaba iliyochanganywa, nayo ina thamani. Cheupe na chepesi ni cha sufuria. Kizito, laini, kinachokwaruzika kwa ukucha ni risasi. Kila kimoja kiwe na rundo lake.

Pili, safisha. Bomba la shaba lenye kiungo cha chuma litapimwa kama chuma. Kata kiungo. Waya menya kwa kisu, usiuchome moto ili maganda yaungue. Waya uliochomwa unakuwa mweusi na kukatikakatika, na mnunuzi ana haki ya kushusha bei.

Tatu, na hili ndilo sikulitarajia, kabla hujaita kitu chakavu jiulize nani bado anakihitaji kikiwa hivyo hivyo. "Springi ya lori kwa mwenye lori la vyuma ni uzito tu," alisema. "Kwa mhunzi ni mapanga manne. Muulize mhunzi kwanza."

"Na mizani yake?" nikauliza. "Atapima yeye."

Hapo fundi alicheka kwa mara ya kwanza. Akaniongoza hadi duka la jirani yake, akaokota jiwe barabarani, akalibandika kwenye mizani ya sukari. Likazidi. Tukajaribu jingine, na jingine, mwenye duka akilalamika kwamba tunamchafulia mizani, mpaka tukapata moja lililotimiza ratili ishirini kamili. Fundi akalichora alama ya msalaba kwa tupa.

"Hili halijui kusema uongo," akasema. "Sumaku nakuazima. Ukileta shaba nyekundu ya kutengenezea vyuma vya kuchomelea, nichagulie mimi kipande kimoja kizuri, nitakulipa kuliko huyo wa lori."

Nilirudi na sumaku ndani ya kanga na jiwe kichwani. Lori liliniacha njia panda, sehemu iliyobaki nikatembea. Nadhani hakuna safari niliyochekwa kama ile. Kwetu mawe yamejaa mashambani, tunayakwepa tukilima, tunayakalia tukichunga.

"Mke wa mura, kijana wetu, ametoka mjini!" akapiga kelele jirani mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo. "Wenzake wanaleta sukari, yeye kaleta jiwe!"

"Ni la Tarime," nikamjibu. "La huku halijasoma."

Mama mkwe wangu alilitazama nilipolitua uani, akasema, "Ulilinunua, au walikulipa ulibebe?"

Tulianza kazi siku iliyofuata. Mume wangu alinuna asubuhi ya kwanza, lakini sumaku ilipokataa bomba la tatu na yeye mwenyewe akalikwaruza akaona wekundu, alivua shati. Tukatenganisha kipande kwa kipande. Mama mkwe alimenya waya kwa kisu chake cha mihogo, haraka kuliko sisi wote, akipitapita pia na ile sumaku kuijaribu kwenye bangili yake, kwenye jembe, kwenye kopo la ugoro.

"Inashika kila kitu," akasema. "Bado meno yangu tu."

Ili tusipotee katika hesabu, tulikuwa tunahesabu kwa plau. Mhunzi mmoja wa upande wa Ringwani alisikia habari, akaja na punda wawili, akachagua springi zote. Alizigonga kwa jiwe na kusikiliza mlio wake, akalipa vizuri. "Tumepata mikono," mume wangu akasema. Majirani wawili waliotaka mapipa ya kuwekea maji wakachukua mapipa. "Tumepata gurudumu la mbele." Kipande kizuri cha shaba kikaenda kwa fundi wa Tarime kama nilivyoahidi, na jirani aliyekipeleka alirudi na malipo ya mnyororo. Bado mti wa plau, na bado ulimi wenyewe unaokata ardhi, ambao ndio ghali.

Mnunuzi alirudi siku aliyoisema. Aliposhuka alikuta malundo matano yamefagiliwa kama sakafu ya kanisa. Akasimama.

"Nani amewafanyia hii?"

"Sisi wenyewe, shemeji. Leo tunauza kimoja kimoja."

Akaitundika mizani yake ya ndoana kwenye bomba la lori. Nikamwomba kwa upole apime kwanza jiwe langu. Alidhani ni mzaha, akalifunga kamba akalining'iniza. Mshale ukasimama kwenye kumi na sita.

"Jiwe hili lina ratili ishirini," nikasema. "Limepimwa dukani Tarime, lina alama."

"Mama, sasa wewe unataka kunifundisha kazi yangu?"

"Hapana. Nakusaidia tu. Huenda barabara ya Mugumu imeitikisa mizani yako."

Wale waliokuja kutazama wakaangua kicheko, na yeye, namshukuru, akacheka pia. Akafungua kiskrubu nyuma ya mizani, akakizungusha, jiwe likapimwa tena, mpaka mshale ukatulia kwenye ishirini. Ndipo tukaanza. Nakushauri nawe ufanye hivyo bila kugombana. Mtu ukimpa njia ya kurekebisha bila aibu, mara nyingi ataifuata.

Shaba, risasi, vile vyeupe, kisha chuma mwishoni. Alipomaliza kutulipa, mume wangu alinitazama nami nikamtazama. Mti wa plau tulikuwa nao. Ulimi haukuwepo. Nyuma ya ghala palibaki peupe, hakuna hata msumari.

Niliingia jikoni kwa mama mkwe ili machozi yasionekane. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi kwa sababu ya shughuli. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda. Sumaku ilikuwa bado mkononi mwangu, na kwa uchovu nikaiweka juu ya figa la kwanza. Ikanata. Nikaing'oa, nikaiweka juu ya la pili, kama mtu anayechezea kitu bila kufikiri. Ikanata. Nilipoiweka juu ya la tatu, ikateleza ikaanguka majivuni.

"Imekufa?" akauliza mama mkwe.

Nikaiokota, nikajaribu tena. Ikaanguka tena.

"Mama," nikasema, nikarudisha mkono. Lilikuwa figa lake. Mwanamke hang'olewi jiko lake, wala mke wa mwanawe hathubutu kuligusa.

Alichukua kisu cha mihogo akalikwaruza mwenyewe pembeni, chini ya masizi. Njano ikatoka, inang'aa. Lori lilikuwa linawashwa nje.

"Plau imebaki nini?" akauliza.

"Ulimi, mama."

"Isiyo na ulimi inaitwaje?"

"Haina jina. Ni mti wa kukokota."

Akainuka, akaling'oa figa kwa mikono yake miwili, akatoka nalo likiwa limebanwa kifuani, majivu yakimwagikia nguo. "Wewe wa lori!" akaita. "Zima hicho chombo chako."

Mnunuzi akateremka. Alilitazama lile pande, akajaribu kutikisa kichwa. "Bibi, hii imeungua sana. Imeharibika na moto."

"Na mimi nimeungua kwenye jiko hilo hilo miaka yote," akasema mama mkwe. "Niambie nimeharibika."

Mama mkwe alilisugua kwa mchanga na majivu mpaka upande mzima ukawa wa njano, akalifunga kamba yeye mwenyewe, wala hakuliachia mpaka lile jiwe la Tarime lilipopimwa tena mbele yake na mshale ukasema ishirini. Figa lake lilikuwa zito kulishinda. Bei aliyoitaja mnunuzi ilikataliwa, na ya pili ikakataliwa, na ya tatu mama mkwe akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamkabidhi mwanawe bila kuitazama. "Ulimi huo," akasema.

Jioni ile chungu hakikuwa na mahali pa kukaa, mafiga mawili yakitazamana. Mama mkwe akaniagiza, "Leta hilo jiwe lako lililosoma." Lilikuwa fupi kidogo, ikabidi alitilie udongo chini. "Likipasuka," akasema, "utarudi Tarime kwa miguu."

Halikupasuka. Mume wangu alitoka mjini na plau mpya mgongoni mwa ng'ombe siku nne kabla ya mvua ya kwanza, na asubuhi ardhi ilipolainika tulikuwa shambani kabla ya yule jirani mwenye plau kufunga nira. Ulezi wa mwaka ule ulinifika kiunoni.

Habari ya jiwe ilienea, nasi tukawa watu wa kuombwa. Kila mwenye vyuma, ngozi au pamba ya kupima alifika uani kwetu kuliazima ili ajaribu mizani ya mnunuzi. Mama mkwe hakumnyima hata mmoja. Aliwaonyesha tu mahali pa kuketi, akachochea kuni, akasema, "Jiwe lipo, lakini subirini ugali uive."