Asilimia Ishirini

Juzi niliona kibao cha punguzo dukani, nikasonya.

Utotoni tulitoka Horohoro kwa lori, vumbi mpaka kwenye meno, mama akanunue doti ya kanga Tanga, chenji itakayobaki aninunulie viatu. Duka lilinukia nguo mpya. Nikamsomea kibao kwa majivuno: shilingi kumi, punguzo asilimia ishirini.

"Nane tu, mama!"

Mama, hodari wa kupatana bei, safari hii hakubishana. Akatoa nane, zote alizokuwa nazo.

"Mwanao msomi, bibie," mwenye duka akasema. Nilimwona karimu.

Kwenye lori jirani yetu alicheka. "Juzi doti kama hiyo alinitajia nane hizo hizo, nikampa sita."

Laghai alipandisha robo, kisha akajifanya anapunguza. Nilirudi pekupeku.

Siku nilipouhama mkoa wa Tanga moja kwa moja, nilipita mjini nikamkuta mwenye duka yule kibarazani, mzee wa mvi. Nilimpita bila shikamoo.