Maji ya Alhamisi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, mpaka leo natazama mikono yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe huku Meru. Biashara ilikuwa imeachwa huria, malori ya wanunuzi yanafika mpaka shambani, na watu waling'oa kahawa wakapanda nyanya. Maji ya mfereji, ambayo wazee waligawana kwa zamu bila kelele, yakawa ugomvi. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi. Alhamisi, watu wote wakiwa msibani, niliona nyanya zangu zinanyauka, uvumilivu ukanishinda. Nikafungua maji.

Kumbe zamu ile ilikuwa ya mwenyekiti wa mfereji, na miche yake ikakauka. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Wote walimtaja Elisante, jirani yetu, aliyekwisha kukamatwa huko nyuma akiiba maji.

Ijumaa asubuhi walimzunguka shambani kwake, fimbo mkononi.

"Jumanne nilifungua, wazee wangu, sikatai," alisema. "Alhamisi si mimi."

Nani angemsikiliza? Faini ya kuiba maji ilikuwa kondoo mmoja, basi. Siku ile waliamua kuziba mlango wake wa maji kwa mawe na kung'oa nyanya zake zote. Mkewe alikaa chini akalia, maana chakula cha watoto wao cha mwaka mzima kilikuwa mle.

Nami niling'oa, mwanangu. Niling'oa kuliko wote, nisije nikashukiwa.

Tuliporudi, mama mkwe alisimama kwenye nyanya zangu, akainama, akagusa udongo.

"Zamu yetu ni kesho. Mbona hapa pamelowa?"

Nikaificha mikono yangu ndani ya kanga.

"Elisante anadaiwa kondoo mmoja wa Jumanne," akasema. "Haya mengine aliyotendewa leo ni ya kosa la nani?"

Nilirudi mbio shambani kwa Elisante, nikasema mbele ya wote kwamba maji ya Alhamisi niliyafungua mimi. Niliona aibu, nyie! Mawe yaliondolewa, nasi tukatoa kondoo wetu. Lakini nyanya zilikuwa zimeshalala chini, zinakauka. Mwezi uliofuata Elisante alihamia Nduruma na familia yake. Hakuniaga, na simlaumu.

Basi sikia, mwanangu. Mwenye kosa alipe kosa lake, usimwongezee la kwako eti kwa sababu yeye ameshazoea kulaumiwa. Na siku ukijiona una bidii mno ya kumwadhibu mtu, simama kwanza, ujiulize unaficha nini.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema kuliko nilivyosema mimi, na maji yakufikie zamu yako ikifika.