Saa Moja ya Ferista

Pwa! Mpaka leo, mtu akikung'uta khanga popote, Ferista husikia mlio ule wa getini: khanga za wanawake sitini zikipigwa hewani, moja baada ya nyingine, mlinzi akikodolea macho chini kuona kama kuna punje ya kahawa itakayodondoka.

Miaka kumi na tisa alichambua kahawa katika kiwanda kimoja cha Mbozi, mbovu huku, nzima huku. Kengele hulia saa kumi. Kila mmoja husaini daftari kwamba ametoka, kisha hupanga foleni ya kupekuliwa. Akifika getini ilikuwa saa kumi na moja, na jua la kupalilia mahindi yake kule Ihanda limeshamponyoka. Saa hiyo haina malipo. Na kwake haikuwahi kudondoka hata punje.

Desemba iliyopita alikataa kalamu.

"Saini, Mama Ikupa, tufunge," alisema Gasper, msimamizi.

"Nisaini nini, baba?"

"Kwamba umetoka."

"Haya. Nipishe basi, niende zangu."

"Upekuliwe kwanza!"

"Sasa nimetoka au sijatoka?"

Foleni ikacheka. Agnes, aliyekaa naye meza moja miaka yote hiyo, akapaza sauti: "Mjibu, bosi, miguu inawaka moto!"

Gasper hakucheka. "Nje wapo wengi wanaoitaka nafasi yako."

"Waite. Na wao wana miguu."

Akapanga foleni bila kusaini. Zamu yake ilipofika akakung'uta khanga, pwa! Likatoka vumbi. Akavuka geti, akageuka, akaomba daftari. Agnes akalinyakua mezani pamoja na kalamu, vikapita mkono kwa mkono hadi nje. Ferista akaandika polepole, herufi za darasa la saba: saa kumi na moja na dakika nane.

Gasper akaja mbio. "Kata hiyo! Andika saa kumi, la sivyo kesho usije."

Hakuna aliyecheka sasa. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha mwanawe Ikupa, na mdogo wake bado yuko kidato cha pili. Ferista akajifunga khanga kiunoni, akaikaza. Kisha, bila kukata kitu, akamrudishia Gasper kalamu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Sasa ndiyo nimetoka, baba," alisema, kwa sauti ndogo mno hata mlinzi akainama kumsikia.