Mwamvita na Siku za Maji Mafu

Mara ya kwanza Mwamvita kuingia dukani kwangu Kilindoni, ninakouza simu na kamba, alinishinda. Alivuka kutoka kisiwa cha Juani na magunia mawili ya mwani mkavu, akataka kuyabadilisha na simu yenye kamera nzuri. Nikamwambia hayatoshi. Akayafunga bila kubisha, akaelekea mlangoni. Nikamwita. Tukaafikiana hivi: magunia arudi nayo, simu achukue, ila kila siku aweke video mtandaoni na alitaje duka langu.

"Kila siku, kaka Feisal?"

"Kila siku. Watazamaji ni kama kuku, usipowamwagia wanahamia kwa jirani."

Video zake zilikuwa za shambani. Anafunga mwani kwenye kamba, anamchokoza wifi yake Kidawa, naye Kidawa hanyamazi. Watu wakazipenda. Lakini kazi hiyo hufanyika bamvua, maji yanapotoka mbali. Yakija maji mafu, bahari haitoki sana, shamba halionekani, hana cha kupiga. Wiki ya pili akanipigia: "Leo sina kitu." Nikamwambia arushe ya zamani, aseme ni ya leo. Nani atajua?

Walijua wote. Kuanzia Kiegeani hadi Pemba wakamwandikia: "Bi Mwamvita, leo mwezi una siku nane. Hiyo bahari umeinywa wewe?" Kidawa alicheka mpaka akakaa chini. Mwamvita hakucheka. Alikuwa ameitwa mwongo, tena na watu wa pwani wenzake.

Kesho yake akavuka, akaiweka simu mezani.

"Shika simu yako."

"Na makubaliano?"

"Bamvua napiga video sita. Natoa tatu kila wiki, nasema zimepigwa lini. Maji mafu naanika mwani wangu na kupumzika. Hutaki, acha."

"Watakukimbia."

"Wakimbie. Miguu ni yao."

Nikaichukua simu, nikijua wiki haitaisha atarudi kuniomba. Hakurudi. Alitumia simu ya Kidawa, yenye ufa katikati ya kioo, na katika video ya kwanza akawaomba watu radhi kwa ule uongo. Hawakukimbia. Wakazizoea siku zake, wakaanza kumuuliza kamba ananunua wapi. Akajibu: "Kilindoni maduka mengi."

Baada ya miezi mitatu nikapanda boti kwenda Juani, simu mfukoni. Nilimkuta anaanika.

"Karibu, kaka. Umekuja kununua mwani au kuuza maneno?"

Nilianza na kutajwa mara sita kila bamvua. Nikashuka nne, nikashuka mbili. Yeye hakusogea: mara moja, kwa maneno yake. Nikakubali, nikampa simu.

Simu sasa ni yake moja kwa moja. Bamvua iliyopita alisema: "Kamba nanunua kwa Feisal. Mkazieni, bei anashusha." Wateja wamejaa kweli, na kila mmoja ananikazia. Nilitaka kumlalamikia, lakini zilikuwa siku za maji mafu. Hakupokea.