Mama Mwenyekiti na Pikipiki Nyekundu

Nilianza kutazama mashujaa wanaovaa chupi juu ya suruali kwa sababu moja tu: binti yangu alikuwa ameacha kuongea nami. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nikimuuliza kwa Kiswahili shule ilikuwaje, ananijibu neno moja kwa Kiingereza, kisha huyo, chumbani. Basi nikawa nakaa naye kwenye kochi la nyumba yetu ya kupanga huku ughaibuni, mtaa wa Parkdale, tunatazama mfululizo wake wa televisheni, ule ambao ukoo wake hauishi. Shujaa ana dada, dada naye kapewa kipindi chake, na katika kipindi cha dada kuna binamu anayeruka.

Nilidhani nikishajua majina yao wote nitaheshimika. Wapi. Siku moja shujaa alifunga breki, pikipiki yake nyekundu ikateleza kiubavu huku ikitoa cheche, nami nikasema hawa watu wana ubunifu kweli.

Binti yangu alinitazama kana kwamba nimejamba kanisani. "Baba, hiyo wameitoa kwenye anime."

Anime ndizo katuni za Kijapani. Akarudisha nyuma akanionyesha, kwa Kiingereza cha haraka, mambo ambayo nilikuwa nimeyatazama wiki nzima bila kuyaona. Jambazi akikasirika nywele zinasimama na kuwa za manjano: Japani. Yule kijana anayekimbia mikono nyuma kama kuku aliyefungwa mabawa: Japani tena. Watengenezaji wenyewe walikulia kwenye katuni hizo, akasema, kwa hiyo wanazichomeka kila mahali. Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu. Wa kwanza kuona anagonga meza. Alinishinda kila mara, lakini alikuwa anaongea, tena sentensi nzima nzima.

Sasa, kila Jumamosi ya pili ya mwezi ushirika wa kanisa letu ulikutana kwetu saa kumi alasiri. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, nesi mstaafu anayeishi Malton, ambaye aliwahi kumtoa bwana harusi mtarajiwa nje ya kikao kwa kutafuna chingamu. Tulimwogopa kuliko tulivyomwogopa Mungu. Mungu husamehe.

Jumamosi moja alifika nusu saa mapema. Mke wangu alikuwa ametoka kununua maziwa ya chai na mlango ulikuwa wazi. Mama mwenyekiti akanikuta, mwanamume mzima mwenye kitambi, natimka kutoka jikoni hadi dirishani, kichwa mbele, mikono nyuma, binti yangu akinipima muda kwa simu. Tulikuwa tumebishana kama kukimbia hivyo kunaongeza kasi. Hakuongezi. Nilipomwona nikajikwaa kwenye zulia, nikaanguka kwa magoti mbele yake.

"Bwana asifiwe, Mama," nikasema, nikiwa bado chini.

"Asifiwe sana." Alikuwa anatazama televisheni, ambako pikipiki nyekundu ilikuwa imesimamishwa katikati ya kuteleza. Nikasubiri karipio.

"Hiyo wameikosea," akasema. "Katika ile ya Wajapani anateleza kuelekea kushoto."

Binti yangu ndiye aliyejibu, na akajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Mama hakubali kuongeleshwa Kiingereza na mtoto wa Mkenya. "Hapana, Auntie. Ni kulia."

"Mimi nimeiona mara nane."

"Mara nane umeona vibaya."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, mkoba magotini, anatueleza. Wanawe watatu walipokuwa wadogo alikaa nao kutazama katuni hizo ili kuhakikisha hakuna uchafu. "Wakaoa, wakaondoka. Mimi nikabaki kwenye sehemu ya mia tatu na kumi. Ningeachia hapo vipi?"

Binti yangu akaitafuta ile ya Wajapani kwenye simu. Ilikuwa kulia. Mama akaivuta simu karibu, akaisogeza mbali, akamrudishia. "Basi wameibadilisha," akasema.

Mke wangu aliporudi na maziwa, akifuatana na washirika wawili, alitukuta watatu tumebanana kwenye kochi, tunagonga meza kwa zamu. Kikao kilichelewa. Mama alikifungua kwa kumkemea kijana mmoja kwa kuchezea simu, bila haya hata chembe. Wakati wa kuondoka alinishika mkono mlangoni.

"Wasijue," akaninong'oneza.

Siku hizi binti yangu hupanda basi hadi Malton siku za Jumapili. Mara moja moja nami hualikwa. Napewa kiti cha plastiki nyuma yao, na nikiuliza huyu ni nani, wote wawili wananiambia ninyamaze, kwa Kiswahili.