Mjomba alikata mti wa mama kwa ajili ya moto wa kilio chake

Tarehe tisa mwezi wa kumi nilimpoteza mama.

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mama aliugua wiki chache, akaondoka asubuhi nikiwa nimemshika mkono. Ila sikuja kuwaliza. Nimekuja kusimulia kilichotokea kwenye kilio chake, kwa sababu kinanirudia kila siku nikiwa kwenye cherehani. Nitaandika nilichokiona kwa macho. Nisichokijua nitasema sikijui.

Mnivumilie na Kiswahili. Niliishia darasa la sita, na Kiswahili chetu huku kina njia zake.

Mimi nashona nguo Ruashi, mtaa wa hapa mjini. Mama alibaki kijijini, kule ambako commune Annexe, kata ya pembeni ya mji, inaishia kwenye mashamba. Sisi ni Walamba. Mji huu ulikuta wazee wetu wako hapa.

Sasa hivi upande mmoja wa kijiji kuna uzio wa mgodi. Upande mwingine watu wanauziwa viwanja. Katikati limebaki pori.

Pori lile ndilo lililonisomesha, hata hayo madarasa sita. Mvua zikianza, miti inayoitwa mitondo inajaa viwavi. Huku tunaviita vinkubala. Vinatolewa utumbo, vinachemshwa, vinaanikwa, vinauzwa sokoni mjini. Mwenye kuvijua anajua, siwezi kumweleza ambaye hajaonja.

Lakini wachoma makala, yaani mkaa, walikuwa wanamaliza mitondo. Ikafika mwaka mama akarudi kutoka porini na kikapu kitupu, akakaa nacho mapajani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

Basi yeye na wanawake wenzake wakaenda kwa chefu, mkuu wa kijiji, wakaomba pori lifungwe. Hakuna kukata, hakuna kuchoma makala, na nyasi zinachomwa mapema zikiwa bado na unyevu, ili moto wa kiangazi usipande kwenye majani. Wakaiomba na serikali itambue kwamba pori ni la kijiji. Mipaka imeshapimwa, jibu la mwisho bado tunalingoja.

Adhabu waliiweka wenyewe: anayekata mtondo analima peke yake njia ya kuzuia moto, kutoka barabarani mpaka mtoni, na mwaka huo haokoti viwavi. Awe nani.

Mama ndiye alikuwa anazunguka kukagua. Alikuwa anageuza jani bila kulichuma, kwa vidole viwili, anaangalia chini yake kama kuna mayai. Akiyakuta analirudisha jani polepole, halafu anapiga kidogo shina kwa kiganja, kama anamwambia mtu endelea kulala.

Sasa kilio.

Kwetu, mtu akifa, moto mkubwa unawashwa nje, na waombolezaji wanakaa hapo mpaka siku kilio kinapomalizwa. Kuni za moto ule ni kazi ya mjomba, maana kwetu ukoo unafuata mama, na kaka wa mama ndiye mkubwa wa mambo yote.

Mjomba wangu ni dereva mjini, mtu mzito, shati lake halikosi kola. Alimpenda dada yake sana. Alifika jioni na gari aliloazima, akachukua shoka bila kuuliza mtu, akaenda na vijana wawili. Wakarudi wanakokota mtondo mzima, na matawi yake.

Alisema dada yake hawezi kuliliwa kwa kuni za kununua.

Mama mdogo, mdogo wake mama, aliutazama ule mti akafunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia msiba. Na mimi nilijua mti ule umetoka wapi, maana hakuna mitondo mikubwa hivyo mahali pengine. Lakini nani angemwambia mjomba? Mpwa hamkosoi mjomba, tena mbele ya maiti.

Moto ukawashwa.

Asubuhi, baada ya maziko, walikuja vijana watatu wa makala na baiskeli zao kutoa pole. Mama alikuwa amewafukuza porini zaidi ya mara moja. Mmoja akaangalia gogo likiwaka, akaniuliza kwa sauti ya chini, akiniita yaya kama mtu anavyomwita mkubwa wake, wala si kwa ubaya:

"Yaya, pole sana. Sasa mama hayuko, na muti munakata. Kumbe pori iko wazi?"

Nilihisi kama mama anakufa mara ya pili, na safari hii ni sisi tunaomuua.

Hapa lazima niwaeleze jambo la watani. Ukoo wetu ni wa mbuzi. Watani wetu ni ukoo wa chui. Kwenye msiba wetu wao ndio wanachimba kaburi, wanapika, na wanatutukana wanavyotaka. Kukasirika ni mwiko.

Mtani wetu mkubwa ni Mama Chola, jirani, mjane, mwembamba kama fimbo. Swali lile alilisikia, maana alikuwa anapita kukusanya matawi ya ule mti awashie jiko. Akasimama. Akageuza jani kwa vidole viwili.

Akalibeba tawi lote, akaenda kumwekea mjomba mapajani.

"Kamata batoto ba dada yako," akasema. "Umebaua, ubazike."

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa.

"Chui, niache," mjomba akasema. "Niko na kilio."

"Kilio gani? Ninyi mbuzi munakula hata kamba yenye kuwafunga. Dada yako alifunga pori kwa mudomo na miguu yake. Ameenda kulala tu, kaka yake anaingia na shoka. Batu ba makala njo bako hapa, banauliza. Baliogopa mwanamuke muzee, we hukumwogopa."

Kicheko kikakatika chenyewe.

Mjomba aligeuza jani. Mayai yalikuwa pale, madogo, yamepangana kama shanga. Halafu akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu afike. Kabla ya hapo alikuwa anatoa amri tu.

"Sikuyua," akasema. "Niliona tu muti muzuri."

"Tunayua," Mama Chola akajibu, na sauti ikawa nyingine. "Njo maana tunakutukana pole pole."

Mama mdogo ndipo akasema. Alisema mayai hayajafa, ila jani likikauka kabla hayajaanguliwa, vitoto vitakosa pa kula. Inabidi matawi yafungwe kwenye mitondo mizima, majani yagusane, ili vikitoka vitambae kuhamia upande wenye uhai.

Tatizo: mfiwa haendi porini kufanya kazi kabla kilio hakijamalizwa. Watani wanaruhusiwa, lakini pale walikuwa wachache, na matawi mengi.

Wote tulikuwa tunamwangalia mjomba.

Akainuka na tawi lake.

"Hii si kazi," akasema. "Hii ni kilio. Tunaenda kumulilia kule."

Wakuu, sijui kama mila inakubali. Wazee wengine walinung'unika, na mmoja mpaka leo anasema tulikosea. Lakini mkubwa wa kilio alipotoka, sisi tulimfuata. Wanawake na vitenge vya msiba vichwani, bila nyimbo, kila mmoja na matawi yake. Tulibandua magome ya matawi yaliyokatwa tukayafanya kamba. Mama mdogo alikuwa anatuonyesha: usikaze sana, usiguse chini ya jani.

Nilifunga na kufunga. Mikono yangu imezoea uzi, ikawa inajua yenyewe. Kuna mti nilifika nikaona gome lake limelainika sehemu moja, kwenye kimo cha kiganja cha mama. Niliegemea hapo kidogo.

Baada ya kilio mjomba hakurudi mjini. Aliomba ruhusa kazini, akaenda kwa chefu mwenyewe, akasema anataka adhabu yake. Chefu alitaka kumpunguzia kwa sababu ya msiba. Mjomba akakataa.

Alilima ile njia kutoka barabarani, jua la mwezi wa kumi mnalijua wenyewe. Mama Chola alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani kumchokoza:

"Mbuzi wa mjini, hii unalima ao unaandika?"

Halafu anatua ndoo, anampa maji anywe.

Vijana wa makala walipita na baiskeli. Walishuka, wakamwangalia mzee na shati la kola anavyolima. Yule aliyeniuliza akamsalimia kwa mikono miwili. Hawakuuliza tena habari ya pori. Wakageuza, wakafuata njia ya mbali.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri yote. Matawi mengi yalikauka, mengine siafu waliyamaliza. Na mwezi uliofuata tulikuta mitondo miwili imekatwa upande wa uzio, mkataji hatumjui.

Lakini mvua ziliponyesha, kwenye baadhi ya miti tuliyofunga, vitoto vilionekana vimehama. Havikuwa vingi. Chefu alifungua pori kwa uokotaji, watu wakaokota cha kula na kidogo cha kuuza. Mjomba hakuokota hata kimoja.

Nilichojifunza mimi: nilidhani pori lilikuwa linalindwa na mama. Kumbe mama alikuwa anasubiri na sisi tulilinde. Na nimejifunza kuwaheshimu watani, maana kuna ukweli ambao ndugu wa damu hatuwezi kuutamka.

Nawauliza wenzangu, hasa mliopakana na migodi au mashamba makubwa: kwenu mzee aliyekuwa analinda kitu cha wote akiondoka, mnafanyaje ili kisizikwe naye? Na utani wa koo bado mnao? Niandikieni, nitasoma kila jibu, hata kama nachelewa kujibu.

Mara ya mwisho nilikwenda siku ya kufunga uokotaji. Viwavi vilivyobaki vinaachwa, vinashuka vijichimbie ardhini mpaka mwaka mwingine. Tulikuwa tunatembea na mjomba, akaninyooshea mkono nisimame. Kimoja kilikuwa kimepanda kiatu chake. Alisubiri, mguu hautikisiki. Kikashuka upande wa pili, kikaanza kuchimba.