Jiwe Alilopewa Marehemu

Harufu ya samaki mkavu ikinipata sokoni, mimi hurudi Dranya, kwa kichwa tu, maana magoti yangu siku hizi hayataki safari. Huko, nilipokuwa mtoto, kaka wa bibi yangu alianguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu. Habari ikapita midomo mingi, na ilipofika kwetu Arua, mzee alikuwa amekwisha kufa. Bibi akafunga samaki wa matanga, akanishika mkono. Yeye na kaka yake walikuwa hawaongei, kwa sababu ya jiwe la kusagia la mama yao, ambalo bibi alikataa kulitoa.

Kwetu mwanamke akienda matanga hasalimii mtu wala haulizi kitu. Anaanza kulia barabarani, uso chini, na analia kwa maneno. Basi bibi akaingia uani akilia, "Ndugu yangu, amka uchukue jiwe yako. Mimi jiwe ya nini?" Mimi niliyeinua macho nilimwona marehemu amekaa mlangoni, mguu umefungwa vijiti, anakula muhogo. Nikamvuta bibi nguo. Akanipiga kofi, akaendelea.

Alipomaliza, kaka yake akasema, "Asante, dada. Nimesikia. Jiwe nitatuma mutu achukue."

Bibi akafuta uso taratibu, akamtazama. "Jiwe nilipatia maiti," akasema. "Wewe kufa kwanza."

Mzee akacheka mpaka mguu ukamuuma, akashika paja akiguna. Bibi akakaa chini karibu naye, akamwambia pole.